Sufuria Tuinjike Wapi?

Askari wa msitu alitukuta viazi vikiwa ndani ya jivu na chai ikianza kupanda. Ilikuwa Jumapili ya Januari, katika msitu mmoja nje ya jiji la Nakuru ambao sitautaja, kwa sababu kijana yule alitutendea kwa heshima na sitaki aitwe ofisini kwa ajili yangu. Alisimama akautazama moto wetu uliojibana katikati ya mawe matatu, haukuzidi upana wa sinia. Kisha akaniuliza, "Mzee, moto huu ulipewa ruhusa na nani?" Nikamjibu kwa swali: "Kijana wangu, ruhusa yenyewe inaombwa wapi?" Akafikiri. Akacheka kidogo. "Kusema ukweli, tangu niajiriwe sijaona mtu akija kuiomba."

Tulizima. Maji tuliyokuja nayo tulikuwa tumeyamaliza, kwa hiyo chai ndiyo iliyomwagwa juu ya makaa, na watoto wa shemeji yangu wakabeba viazi vilivyoiva upande mmoja hadi barabarani. Nilikasirika kwa muda wa kilomita mbili hivi. Baadaye nilikiri moyoni kwamba siku ile askari alikuwa na haki: nyasi zilikuwa kavu kama karatasi, upepo ulikuwa unavuma, na mzee mzima kama mimi nilikuwa nimewasha moto bila hata chupa moja ya maji ya akiba. Lakini jibu lake halijanitoka. Kumbe kipo kibali ambacho hakuna anayekiomba, na kwa kuwa hakuna anayekiomba, hakuna anayejua kukitoa.

Sheria yenyewe inasomeka kwa urahisi. Ni Sheria ya Kenya ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016, kifungu cha 64. Humo ndani ya msitu wa umma umekatazwa kuwasha moto, kuubeba au kuutupa, pamoja na kiberiti na chochote kinachowaka. Umekatazwa pia kukaa msituni kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi. Wengi huishia hapo, wakafunga kitabu. Ila kifungu hicho kinaanza kwa maneno ambayo nadra kuyasikia yakitajwa kwenye lango la msitu: isipokuwa kwa leseni, kibali au makubaliano ya usimamizi. Hata lile katazo la usiku linawaacha nje watu walioingia kwa shughuli za utamaduni, za sayansi au za burudani. Aliyeiandika alijua kwamba kuna siku mtu atataka kulala chini ya miti na kupika uji asubuhi. Mlango aliuacha. Sisi tumeusimamishia kabati mbele.

Katika misitu hiyo hiyo, shughuli nyingine zina karatasi zake na foleni zake. Mwenye kiwanda cha mbao anajua aende wapi. Mama anayeokota kuni zilizokauka ana kibali chake cha mwezi. Mkulima anayepanda viazi kati ya miche michanga ana kipande chake kwa ule mpango ambao sote bado tunauita shamba system. Ukataji wa miti ulisimamishwa Februari 2018, na Julai 2023 Rais akatangaza kule Molo, hapa hapa kaunti ya Nakuru, kwamba marufuku imeondolewa. Mabishano yake yakafika mahakamani. Basi tunaweza kubishana kitaifa, hadi mbele ya majaji, juu ya lori la magogo, lakini juu ya sufuria ya chai hatuna hata fomu.

Utaniambia, si uende kwenye mbuga? Nimeenda. Hifadhi ya Ziwa Nakuru ina maeneo ya kupiga kambi yaliyotengwa, na upande wa kusini karibu na maporomoko ya Makalia unaweza kuinjika chakula chako huku nyani wakikukodolea macho. Ni pazuri, ingawa mazingira yamebadilika sana tangu maji ya ziwa yaanze kupanda miaka ya 2010: lango kuu la zamani lilifunikwa, na migunga ya manjano iliyokuwa ufukweni ikafia wima majini, mieupe kama mifupa. Tatizo langu ni namna ya kufika mle. Hifadhi yenye vifaru, nyati na simba huingii kwa miguu wala kwa boda. Sharti gari. Pia sharti ulipe kiingilio, na ada ya kambi juu yake, na malipo siku hizi yanapita kwenye eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, ambayo humshinda mjomba wangu hata akiwa na pesa mkononi. Mtu wa mitaa yetu ya Nakuru, Kaptembwo au Lanet, anayetaka kuwaonyesha wanawe namna ya kuchoma hindi msituni hana habari na vifaru. Anahitaji mti wenye kivuli, mawe matatu, na mtu wa kumwambia, "Hapa unaweza."

Ukiniuliza magharibi yote ya Kenya ni wapi mambo haya yamekaribia kukaa sawa, nitakutuma Kakamega. Upande wa kaskazini wa msitu ule ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1985, na kituo chake ni Buyangu. Unashuka kwenye barabara kuu ya Kakamega kwenda Webuye, unatembea kidogo, unafika langoni bila kuhitaji gari. Ndani kuna kambi ya Udo, yenye nyumba ndogo na mahali pa wageni kujipikia. Hakuna simba, kwa hiyo unatembea kwa miguu na muelekezi wa pale pale kijijini, ambaye atakuonyesha mmea wa mkombelo unavyotambaa na kukuambia, akicheka, kwa nini wanaume huutafuna jioni. Upande wa kusini, Isecheno, unasimamiwa na idara ya misitu, na kuna ule mti mkubwa wa mtere, Mama Mtere, ambao kila mgeni hupigwa nao picha. Gamba la miti ya namna hiyo lina sifa ya dawa, na ndiyo maana mingi imebanduliwa hadi kiunoni.

Kinachoufanya msitu wa Kakamega ustahimili moto wa mpishi ni unyevu. Mvua yake ni kama milimita 2,000 kwa mwaka, na mchana wa saa nane ukiona wingu linajikusanya upande wa Nandi, anua nguo. Mle ndani shida yako itakuwa kuuwasha moto, maana kuni ni mbichi na majani yananata. Njoo na kuni kavu ulizonunua nje, vijiti vya unene wa kidole, na uvumilivu. Usiguse mti uliosimama, na wala usiokote ulioanguka: gogo linalooza mle ni nyumba ya mende, uyoga na mijusi, na ndilo linalolisha udongo.

Kisumu ni hadithi nyingine, na hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu wachambuzi wa mazingira huipita Kisumu wakisema tu kwamba ina ziwa. Jiji lile halina msitu. Lina vilima vya Riat na Kajulu vilivyobaki na vichaka, lina uwanda wa Kano unaofurika, lina mafunjo ya ufuko wa Dunga, na lina ile hifadhi ndogo ya swala iliyotengwa mwaka 1992. Kwa hiyo utamaduni wa kupika nje umehamia ufukweni, na umekuwa wa kupikiwa: unachagua samaki wako, ngege, anakaangwa na mama mwenye mafuta yanayochemka tangu asubuhi, wewe unanawa mikono. Siulalamikii. Samaki wa Dunga akiletwa na ugali wa mtama na limau, mtu husahau hata alichokuja kuzungumza. Lakini mtoto wa mtaa wa Manyatta anayekua akijua moto wa makaa ya kuuzia samaki na gesi ya nyumbani tu, atakutana na moto wa kuni siku ya matanga. (Neno lenyewe limeshahama. Mwambie kijana wa leo "meko" atakuletea mtungi wa gesi wa kilo sita.)

Wakazi wa Kisumu wanaotafuta miti huishia sehemu mbili. Wengine huenda Kakamega, kama kilomita 50. Wengine, walio wengi zaidi, huingia katika misitu ya mikaratusi ya watu binafsi huko Maseno, Luanda au Seme, ambayo mwenyewe ameipanda akingoja kuuza nguzo za umeme. Mkaratusi una kivuli chepesi na harufu ya dawa ya kifua, na unakushawishi kwa sababu chini yake hapaoti kitu. Unakudanganya. Majani yake yana mafuta. Yakikauka na kurundikana yanashika moto haraka kuliko nyasi, na magamba yake yanayoning'inia hupeleka ndimi juu kama utambi. Ukikaribishwa na mwenye shamba, ondoka chini ya miti, nenda palipolimwa, na umpelekee mwenyeji sahani ya kwanza. Mwenyeji huyo, kwa maoni yangu, ndiye mtoa vibali bora tuliye naye nchini: anakujua kwa jina, anaona moshi kutoka mlangoni kwake, na hasara ikitokea ni yake.

Kuna pia vichaka usivyoingia na sufuria hata kama havina ua wala bango. Kule Vihiga, Watiriki wana vichaka vyao vya jando, na mtu wa nje akionekana akipuliza moto mle ataeleweka vibaya sana. Kit Mikayi, yale mawe makubwa ya Seme, ni mahali pa sala na kafara. Mwaka 2019 mila zake ziliingizwa katika orodha ya UNESCO ya turathi zinazohitaji kulindwa haraka. Moshi utauona pale, lakini ni moshi wa watu walio na shughuli na Mungu. Chapati zako zipeleke kwingine.

Nirudi kwenye moto wenyewe, kwa sababu wanaoukataza wana hoja nzito na sitaki kuipita kwa mzaha. Vichaka vya Menengai, ile kreta iliyo juu ya jiji la Nakuru, huwaka. Mtu yeyote aliyeishi Nakuru amewahi kuona usiku wa kiangazi ule mstari mwekundu ukitambaa kwenye kuta za kreta, na asubuhi majivu kwenye nguo zilizoanikwa mtaani Milimani. Ukishuka moto katika bonde la kina cha mita mia nne na zaidi, hakuna gari la zimamoto litakaloufuata. Ni watu na matawi mabichi mikononi. Lakini waulize wazee wa maeneo yale mioto hiyo huanzaje. Watakutajia mchoma makaa aliyefukia tanuri vibaya, mrina asali aliyetupa mwenge, mchungaji anayetaka nyasi changa, mkulima aliyechoma mabua upande wa pili wa mpaka, na sigara. Wote hao wanafanya kazi kwa siri au kwa haraka. Hapo ndipo ninapotofautiana na katazo la jumla. Mtu anayejificha na moto huchagua kichaka kizito ili moshi usionekane, hafyeki pembeni, hana ndoo ya maji, na akisikia kikohozi cha mtu anakimbia na kuuacha ukiwaka. Mimi mwenyewe Jumapili ile nilikuwa nimejificha. Sikulikubali jambo hilo hadi mke wangu aliponiuliza, mbona tulipita uwanda mzuri wenye mchanga tukaingia vichakani?

Na si kweli kwamba moto wa mpishi ni mgeni msituni. Waogiek, wenyeji wa misitu ya Mau, wamewasha moto humo tangu enzi na enzi, wa kufukiza nyuki na wa kupikia, na misitu ilikuwepo. Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba serikali ya Kenya ilikiuka haki zao ilipowafurusha, na ikakataa hoja kwamba wao ndio walioharibu Mau. Sisemi familia yangu kutoka mjini ina ujuzi wa Mwogiek. Hatuna hata robo yake. Nasema tu kwamba msitu hauhesabu mioto. Unachoumia nacho ni moto usio na mwenyewe.

Ninachokitaka si kikubwa. Kwenye vituo vya misitu vya Bahati, Dundori na vingine vya namna hiyo kuna viwanja vilivyo wazi karibu na ofisi, vyenye maji na askari. Patengwe hapo seti tano au kumi za mafiga, za kudumu, zilizozungushiwa udongo mtupu. Vyama vya jamii vya kuhifadhi misitu, ambavyo sheria inavitambua, ndivyo viviendeshe, maana ndivyo vinavyoamka usiku kuzima. Kuni zitokane na misaipresi inayopunguzwa na kupogolewa, ziuzwe na akina mama wale wale wenye vibali vya kuokota. Mgeni alipe kidogo, aandike jina, apewe seti yenye namba na ndoo ya maji. Asipoirudisha ndoo ikiwa tupu, aulizwe moto ameuzima kwa maji gani na jivu lake liko wapi.

Na kiangazi pafungwe. Hapa ndipo nitakapopoteza marafiki, kwa sababu likizo yetu kubwa ni Desemba na huendelea hadi Januari, wakati wa jua kali na upepo, na ndio wakati kila mtu anataka kuwa nje. Asili haikutufikiria. Lakini Nakuru inapata mvua zake nzuri Aprili na Mei, kisha tena Agosti, na shule hufungwa Aprili na Agosti. Agosti msitu umelowa, ardhi ni baridi, hata mtu mzembe ni vigumu kuuchoma. Tuubebe mwamvuli. Januari hadi Machi anayetaka chai msituni aje na thamosi.

Hofu ya takataka naielewa zaidi kuliko hofu ya moto. Chupa za plastiki na vikombe vya kutupa vilipigwa marufuku katika mbuga na misitu tangu Juni 2020, na bado ukitembea kando ya barabara za misituni utaona kila aina ya kizibo. Tena kuna wale wa spika. Sina la kuwatetea. Watu wanaokuja na muziki wa kutikisa majani, mbuzi mzima na kreti tatu hawatafuti msitu, wanatafuta baa isiyo na kodi, na kanuni ya seti moja ya mafiga kwa sufuria moja itawachuja bila kugombana nao.

Anayekuja kwa sufuria moja, kuna mambo ayajue, na sioni yakifundishwa popote siku hizi isipokuwa kwa skauti. Mafiga yasiokotwe mtoni. Jiwe lililokunywa maji likipata joto hupasuka na vipande vyake huruka. Mawe makavu ya lava ya Nakuru ni mazuri. Palipo na majani mazito yaliyooza, kwangua hadi ufikie udongo wenyewe, la sivyo moto utaingia kwenye mizizi, utembee chini kwa chini na uibuke siku ya tatu mita kadhaa kutoka ulipopikia. Kuni za yuforbia, ule mti wa kama kinara cha mishumaa uliojaa upande wa mashariki wa Ziwa Nakuru, usiziguse: utomvu wake mweupe huunguza ngozi na ukiingia jichoni unaweza kukupofusha. Kijiti cha kuchomea nyama usikikate kwenye mti usioujua, kwani katika vichaka hivi hivi unaota ule unaotoa sumu ya mishale. Na maharage yachemshie nyumbani. Nakuru iko mita kama 1,850 juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, na maharage yasiyolowekwa yatakula kuni za familia tatu kabla hayajalainika. Msituni peleka viazi, mayai, mahindi, omena iliyokaangwa nusu. Chakula cha moto mdogo.

Kuzima ndiko kazi. Wengi humwaga maji, wakaona mvuke, wakaondoka. Mwaga, koroga na kijiti, mwaga tena, kisha weka kiganja chini uguse. Kama huwezi kuacha kiganja hapo, hujamaliza.

Wiki iliyopita nilipeleka barua kwenye kituo cha msitu ule ule. Nilitaja kifungu cha 64, nikaomba mafiga matatu kwa Jumamosi moja ya Agosti, watu saba, kuni zetu wenyewe, ndoo mbili za maji, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa. Karani aliipokea vizuri, akaigonga muhuri, akaisoma mara mbili. Kisha akainua kichwa akaniuliza, "Mzee, hii niiweke kwenye faili gani?"